Fremu ya Kumi na Mbili

Kamera ya baba ilinifikia na namba kumi na moja kidirishani,
maana yake ndani mna ukanda, na ukanda umeshaanza.
Sikuufungua.
Nilishika njia ya Nizwa kabla ya alfajiri,
kamera nimeifunga mkanda kiti cha pembeni
kama mgeni anayesinzia.

Baba alikuwa na studio Matrah, mlango mmoja na pazia.
Alipiga nyuso tu: za pasipoti, za kadi za kazi,
za watu waliorudi kutoka Unguja na Bujumbura
Kiarabu kikiwachoma mdomoni kama uji wa moto.
Kidevu juu. Usicheke. Haya, tayari.
Majengo hakuyataka.
"Jengo haliombi viza," alisema, "wala halilipi."

Nami leo niko Bahla, mbele ya lisilolipa kuliko yote.

Udongo juu ya jiwe, udongo juu ya udongo.
Wanabhani waliijenga, wengine wakaibomoa,
mvua ikala pembe, mafundi wakaja na matope na makapi
wakaziba palipoliwa.
Kwa macho naviona viraka:
hudhurungi ya juzi, hudhurungi ya mababu.
Ukanda huu haujui hudhurungi.
Unajua kivuli, na kivuli kiasi gani.

Lugha yetu hupiga. Hupiga pasi, hupiga hodi,
hupiga ramli, hupiga picha.
Na ngome hii imepigwa vya kutosha.
Niliona haya kidogo kuinua mkono.

Mlinzi, Hamdun, akaniuliza:
"Simu huna?"
"Ninayo."
"Sasa hicho cha nini?"
Nikamwambia kimebakiza picha ishirini na tano, basi.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa deni la jirani,
akatoa ufunguo, akafungua mnara usiofunguliwa wageni.
"Usizimwage," alisema.

Nikaivisha lenzi kioo chekundu, mbingu ipate kukolea wino.
Nikangoja.
Saa moja na dakika kumi jua likalala ubavuni mwa ukuta
na kila unyasi ndani ya udongo ukapata kivuli chake,
kama malaika ya mkono yanaposimama kwa baridi.
Hapo nikaona vidole vinne vya fundi,
vilivyoburuzwa wakati tope bado bichi.
Wa karne gani, au wa mwaka jana, sikujua.
Nikapiga.
Moja tu. Nikateremka.

Usiku, jikoni kwangu, nikasafisha.
Maji ya bomba mwezi wa Agosti hutoka tayari kwa chai;
nikayapoza kwa barafu ya kituo cha mafuta,
kipimajoto ndani ya sufuria ya biriani.
Sisi picha tunaisafisha,
kana kwamba ilikuja na vumbi la safari.

Nikauanika ukanda kwenye kamba, kati ya kanzu mbili za mume wangu.
Kumi na moja za mwanzo: hamna kitu.
Ya kwanza, ya nne, ya tisa, angavu tupu kama kioo kilichofutwa.

Ndipo nikakumbuka miezi yake ya mwisho,
macho yameingia ukungu, kamera kifuani,
na ile *klak* niliyoisikia nikimenya vitunguu,
nikidhani anapiga dirisha.
Kifuniko hakukitoa.
Alitaka sauti yake tu,
na kidole kisisahau kazi.

Ya kumi na mbili ni ngome, nyeusi, kwa kuwa hasi husema kinyume.
Mbingu yake imepauka mno,
hata sikuuona mpaka kati yake na utupu wa baba.

Nimekata sita sita, kama alivyonifunza.
Kipande cha pili kina zake tano na yangu moja.
Nimekitia katika bahasha ya studio, ya zamani,
yenye mstari wa *Jina la mteja*.
Kalamu ninayo. Bado sijaandika.